Mama mwenye ndoo ukutani: ni ibada, ni pambo, au ni kumbukumbu?

Ukipendekeza mbele ya waumini wa kigango cha ndani, iwe upande wa Masasi au wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kwamba ukuta wa ukumbi uchorwe mama aliyejitwika ndoo, kikao hakitaisha mapema. Mmoja atauliza tangu lini tumeanza kuwatukuza watu walio hai. Mwingine atasema rangi ni hasara wakati kisima kimekauka. Mzee atakumbusha kwamba huku Kusini ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo heshima ya mwanamke ilikuwapo kabla ya kanisa. Na jirani asiye Mkatoliki atajiambia kwamba Wakatoliki wameongeza sanamu nyingine.

Kila swali hapo lina haki yake. Tatizo ni kwamba yanaulizwa yote kwa pamoja, la ibada likaingia katika la fedha, la mila likaingia katika la sanaa, mwisho watu wanatoka wakiwa wamechoka na ukuta umebaki mtupu. Yanahitaji kutenganishwa, tukianza na maana ya maneno matatu: mchoro wa ukutani, kazi isiyoonekana ambayo ndoo ya mama inaiwakilisha, na kigango.

Mchoro wa ukutani ninaouzungumzia ni picha kubwa iliyochorwa moja kwa moja juu ya ukuta wa jengo, mahali ambapo kila apitaye anaiona bila kiingilio. Hauuzwi wala hauhamishwi, na ukuta ukianguka nao unakwenda. Ndiyo maana unakuwa mali ya wanaoishi nao, kuliko picha ya fremu inayoweza kufungiwa ofisini.

Kazi isiyoonekana ni kazi ambayo kila mtu anaitegemea lakini haiingii katika daftari lolote. Haina mshahara, haina stakabadhi, wala haitajwi matangazo yanaposomwa baada ya komunyo. Haifanyiki kwa siri. Inafanyika mchana kweupe, mbele ya macho yetu, ila macho yamekwisha kuizoea.

Na kigango, kwa msomaji asiye Mkatoliki, ni kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia. Padre hufika kwa zamu. Jumapili nyingine katekista, mwalimu wa dini asiye padre, huongoza ibada. Chini ya kigango zipo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, nyumba chache zinazosali pamoja kila wiki, mfumo ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliufanya kipaumbele mwaka 1976. Wanawake nao wana chama chao, WAWATA, tangu 1972.

Sasa angalia kinachotokea padre anapotarajiwa. Jumamosi kanisa linafagiliwa. Kama sakafu ni ya udongo, inasiribwa upya. Vitambaa vya altare, meza ya misa, vinafuliwa na kupigwa pasi ya mkaa. Maji ya kunawa yanachotwa, kuku anachinjwa, ugali unasongwa. Siku ya msiba ni wanawake walewale wanaokesha jikoni hadi matanga yaishe. Mgonjwa akilazwa hospitali ya Ndanda au ya Nyangao, lazima awepo ndugu wa kumpikia na kumfulia, na ndugu huyo kwa kawaida ni mama, dada au shangazi. Hakuna aliyewapangia kwa barua.

Yuko mmoja ambaye huwa nadhani amesahauliwa kuliko wote, naye ni mke wa katekista. Wabenediktini, watawa wamisionari wa Kikatoliki, walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Vita vya Majimaji vya 1905 viliharibu mengi, kisha mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Tangu hapo imani ilienea vijijini kwa miguu ya makatekista, na kanisa linawashukuru, tena kwa haki. Lakini katekista aliyekwenda kufundisha kijiji cha tatu alikuwa na shamba nyumbani. Palizi haikumsubiri. Jembe lilikuwa mikononi mwa mkewe, na watoto waliokula walikula kwa sababu ya jembe hilo. Ukitaka kujua Injili ilifikaje Kusini, nusu ya jibu iko katika mihogo ya mwanamke huyo.

Nje ya kanisa mambo ni hayohayo. Katika Uwanda wa Makonde mvua huzama haraka ardhini na maji hukaa chini sana. Vijiji viko juu, chemchemi ziko bondeni. Anayesimama Shimo la Mungu, pale Newala, akatazama chini kuelekea Ruvuma, anaelewa bila kuelezwa maana ya kuteremka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa. Mradi wa maji ya bomba wa uwanda huo ulianza miaka ya 1950, umewapunguzia wengi taabu, lakini pampu ikiharibika mzigo unarudi juu ya vichwa vilevile. Kwenye korosho, kina mama na watoto wanaokota, wanatenganisha na bibo, wanaanika, wanachambua. Tangu 2007 mauzo yamekuwa yakipitia stakabadhi ghalani, yaani korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa pamoja, na malipo yanamfuata mwenye jina katika chama cha msingi cha ushirika. Mara nyingi jina hilo ni la mume.

Si Kusini peke yake. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kila siku watu hutumia saa bilioni 16.4 kwa kazi za matunzo zisizo na malipo, na asilimia 76.2 ya saa hizo ni za wanawake. Hata wanaopima uchumi wa nchi wanatatizika. Kanuni za kimataifa za kukokotoa pato la taifa zinahesabu kuchota maji na kukusanya kuni kuwa uzalishaji, lakini kupika, kulea na kuuguza ndani ya familia hazihesabu. Maana yake mama yuleyule, akitembea na ndoo kichwani anahesabika. Akiitua na kubandika sufuria, anafutika.

Mchoro unaingia hapo. Ni namna moja ya kuandika kwenye ukuta kile ambacho madaftari hayakuandika. Tukishaelewa hivyo, hofu nyingine tunaweza kuzitazama kwa utulivu.

Tuanze na ile ya sanamu, kwa kuwa ndiyo nzito zaidi. Kanisa Katoliki lililitolea jambo hili uamuzi zamani sana, katika Mtaguso wa Pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787: picha inaweza kupewa heshima, na heshima hiyo inakwenda kwa yule aliyechorwa, lakini kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Uamuzi huo ulihusu picha za Kristo, za Mama yake na za watakatifu. Mama wa kijijini aliyechorwa akitwanga hayumo hata katika kundi hilo. Yeye ni sawa na picha ya bibi aliyefariki iliyotundikwa sebuleni. Tunaitazama, tunamkumbuka, tunawaambia watoto huyu ndiye aliyetulea, na hakuna anayepiga magoti mbele yake.

Sheria ya Kanisa ina mpaka ulio wazi. Kanuni ya 1187 inasema ibada ya hadhara inaruhusiwa kwa wale tu walioandikwa na Kanisa katika orodha ya watakatifu au wenyeheri. Kwa mchoraji, maana yake ni nyepesi: asimwekee mama huyo duara la mwanga kichwani, asimchore katika mkao wa mtakatifu wa altareni, na asiwekewe mishumaa wala kisanduku cha sadaka chini yake. Papa Urbano wa Nane alikwisha kukataza mwanga huo kwa wasiotangazwa katika karne ya 17, kwa sababu watu walikuwa wanajitangazia watakatifu wao wenyewe. Kwa hiyo anayeuliza "tumeanza kutukuza walio hai?" anauliza jambo ambalo Kanisa nalo limelijali kwa muda mrefu, na jibu ni hapana, mradi mpaka huo uheshimiwe.

Mahali pa kuchora pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ya 1188 inataka picha za kanisani ziwe za kiasi na kwa mpangilio unaofaa, zisije zikawashangaza waumini au kuwapotosha katika ibada. Kuta za ndani, hasa upande wa altare, ni za fumbo linaloadhimishwa pale. Mimi ningechagua ukuta wa nje, wa ukumbi, wa zahanati, wa shule ya awali, au ule unaotazama kisima. Hapo mchoro unazungumza na kijiji kizima, na hauhitaji kushindana na tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi. Kwa vyovyote paroko aulizwe kwanza, na kwa jengo la kanisa lenyewe neno la jimbo linahitajika.

Lakini tusidanganyane kwamba kazi ya mwanamke ni mgeni kanisani. Tazama Njia ya Msalaba. Karibu kila kanisa lina vile vituo 14 vya picha za safari ya Yesu kwenda kusulubiwa. Katika cha sita yuko Veronika, ambaye hakutoa hotuba wala upanga, alitoa kitambaa akapangusa uso uliojaa damu na jasho, kazi ambayo kila mwuguzaji wa nyumbani anaijua. Katika cha nane wako wanawake wa Yerusalemu. Yesu mwenyewe alipotafuta mfano wa ufalme wa Mungu alimtaja mwanamke anayetia chachu katika unga (Mathayo 13), na alipotafuta mfano wa Mungu anayemtafuta mwenye dhambi alimtaja mwanamke anayewasha taa na kufagia nyumba akitafuta sarafu moja (Luka 15). Ufagio umo ndani ya Injili.

Kuna jambo linaloniumiza kidogo katika picha tulizozoea. Mtakatifu Yosefu tunamwona na msumeno au randa mkononi, na tangu 1955 Pius wa Kumi na Mbili alimwekea sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi kila tarehe 1 Mei. Ni jambo jema sana. Maria, mke wa fundi huyo huyo, mwanamke wa kijiji cha Nazareti aliyechota maji na kuoka mikate kama wanawake wenzake, tunamwona amekunja mikono. Sisemi picha hizo ni mbaya, nimesali mbele yake tangu utotoni. Nasema tu kwamba mtoto wa kike anayekua akizitazama anajifunza kwamba kazi ya baba ina utakatifu ndani yake, na ya mama haijulikani.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kuletwa. Mwaka ule ule Ndanda ilipoanza, 1906, Mjerumani Karl Weule, mtafiti wa mila, alipita Masasi na Newala akaandika kuhusu michoro aliyoikuta kwenye kuta za nyumba za wenyeji. Kukandika ukuta, kusiriba na kuupamba kwa udongo wa rangi mbili tatu ni ustadi ambao bibi zetu waliufanya bila kuuita sanaa. Wachongaji wa Kimakonde wamekuwa wakichonga mwanamke mwenye mtungi, mwenye mchi, mwenye mtoto mgongoni. Katika hadithi yao ya asili, mtu wa kwanza alichonga umbo la mti na umbo hilo likawa mwanamke, mama wa watu wote. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji unaobeba jina lake, alitoka Tunduru, jirani zetu wa magharibi.

Na kwa Wakatoliki uko mfano wa Afrika unaostahili kujulikana zaidi. Kaskazini mwa Ghana, katika mji wa Navrongo, lipo kanisa kuu lililojengwa kwa udongo. Misheni ile nayo ilianzishwa 1906. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanawake kutoka kijiji cha Sirigu, ambako kupaka nyumba michoro ni kazi ya wanawake, waliitwa kupamba kuta za ndani za kanisa hilo. Walitumia mikono na rangi za udongo, wakachora kwa mtindo wa nyumba zao, pamoja na wanyama na alama za imani. Leo kanisa hilo lina hadhi ya basilika. Mkono uliozoea kusiriba jiko uliaminiwa kupamba nyumba ya Mungu. Hapo Kanisa halikuazima lugha ya watu kwa heshima ya kupita; liliwapa ukuta. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulikwisha kusema kwamba Kanisa halijaufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake pekee.

Hoja ya mzee kuhusu ukoo inastahili jibu la heshima. Ni kweli Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wamefuata ukoo wa mama tangu zamani, na mtoto ni wa upande wa mama. Hilo lina thamani, na sehemu nyingi za nchi hawana. Hata hivyo kuhesabiwa kwa mama si sawa na mama kuhesabiwa. Katika mambo mengi ya ukoo, mwenye kauli amekuwa mjomba, kaka wa mama. Damu inapita kwa mwanamke, uamuzi unakaa kwa mwanamume, na ndoo inabaki palepale kichwani.

Kuhusu jirani zetu Waislamu, ambao katika vijiji vyetu vingi tunachanganyika nao hadi ndani ya familia moja, ningeshauri upole. Wengi wao hawaridhii picha za viumbe hai, hasa mahali pa ibada. Mchoro unaotazama barabara ya wote unaweza kuwa wa mikono na vyombo tu: mchi na kinu, ungo wa korosho, ndoo, kata, jembe, kitambaa kilichofungwa mkononi. Hakuna uso, na kila mama wa kijiji, awe anakwenda msikitini au kanisani, anaijua mikono hiyo.

Imebaki ile hoja ya kisima, ambayo kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kama kigango kina fedha za jambo moja, kichimbe kisima. Sina la kuongeza hapo. Ila mara nyingi uchaguzi hauko hivyo, maana chokaa na udongo wa rangi havina gharama ya pampu. Na iko hatari halisi ambayo wanaopenda michoro hii hawaisemi vya kutosha: picha nzuri inaweza kuupamba mzigo hadi watu wakaupenda. Mama mjamzito, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, anatabasamu, chini pameandikwa "nguzo ya familia". Mchoro wa namna hiyo unamwambia aendelee kubeba. Mimi nisingeukubali.

Mchoro wenye manufaa unaionyesha kazi kama kazi, pamoja na muda wake na uzito wake. Unaonyesha mteremko, si ndoo peke yake. Unaweza kumwonyesha kijana wa kiume akisukuma baiskeli yenye madumu, kwa sababu hilo pia linatokea na linafaa kuzoeleka. Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa 1981 kuhusu kazi ya binadamu, Laborem exercens, alitaka jamii ithamini upya taabu ya mama katika malezi, na akataja hata ruzuku kwa kina mama wanaojitolea kwa familia. Aliizungumzia kama sehemu ya haki ya kazi. Kwa hiyo kikao cha kuchagua cha kuchora kinaweza kuwa pia kikao cha kugawana: ni nani atachota maji sikukuu ya somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wake, ni nani atafua vitambaa, na wanawake wako wangapi katika halmashauri ya walei, waumini wasio mapadre wala watawa, inayoamua matumizi ya sadaka ya mavuno.

Kikao hicho waanze wanawake wenyewe, jumuiya kwa jumuiya, kabla mchoraji hajafika na penseli yake. Waulizwe wanachofanya tangu alfajiri na kipi wangependa kionekane. Mtu asichorwe uso wake bila ridhaa yake, na wapo watakaokataa, wakubaliwe. Sehemu ya mkono wa kuchora iwe yao pia.

Mafundi wanajua kwamba ukuta una tabia zake. Pwani yetu imechoma matumbawe kupata chokaa kwa karne nyingi, na magofu ya Kilwa Kisiwani yanasimama kwa chokaa hiyo. Rangi ya udongo ikipakwa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, chokaa hunyonya hewa ya ukaa kutoka hewani, hugeuka kuwa jiwe tena, na rangi inafungwa ndani. Udongo mwekundu, wa manjano na mkaa huvumilia. Rangi za majani huliwa na chokaa zikapauka. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu huvimba na kubanduka, kwa sababu unyevu hauna pa kutokea. Mchoro uanze juu kidogo ya usawa wa magoti, maana matone ya mvua yanaruka kutoka chini, na paa liwe na upenu wa kutosha. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili, na korosho zinaanza kuokotwa kabla ya hapo. Julai na Agosti, nafaka zikiwa zimekwisha kuvunwa, ndiyo miezi ambayo ukuta ni mkavu na kina mama wana nafasi kidogo.

Ukuta wa udongo utataka kusiribwa na kuchorwa upya baada ya misimu michache ya mvua. Halmashauri iamue mapema ni nani atafanya hivyo, kwa fungu lipi, na malipo gani. Ikiachwa hivihivi, kazi hiyo itawaangukia wanawake walewale, na haitaandikwa popote.